Hoja ya kitanzi haimhusu muuaji

Sheria ya kwanza katika orodha ya Hammurabi, mfalme aliyetawala Babeli karibu miaka 3,800 iliyopita, haimzungumzii muuaji. Inamzungumzia mshitaki. Mtu akimtuhumu mwenzake kuwa ameua, kisha akashindwa kuthibitisha, auawe yeye. Wengi wanaozitaja sheria zile hukimbilia jicho kwa jicho na kuipita hii kama vile haipo. Mimi huanzia hapo kila mara, kwa sababu inaonyesha kwamba hata utawala uliokuwa mwepesi wa kuua ulijua hatari ya kumuua asiye na kosa.

Mjadala wa leo umelisahau jambo hilo. Anayepinga hukumu ya kifo huambiwa anawahurumia wauaji, na kwamba angegeuka siku msiba wa namna hiyo ungeingia nyumbani kwake. Ni kweli, wapo wapinzani wanaoongea kana kwamba aliyeuawa hakuwahi kuwapo, na hao wamejitakia lawama. Lakini hoja yao nzito kuliko zote haina habari na muuaji. Inamhusu mtu ambaye hakuua.

Historia yenyewe haikuanza kugeuka kwa huruma tupu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Uingereza ilikuwa na makosa zaidi ya 200 yenye adhabu ya kifo, mengi yakiwa ya wizi. Kuiba mali ya shilingi 40 ndani ya nyumba kulitosha kumpeleka mtu kwenye kitanzi. Wazee wa baraza walifanya nini? Walikuwa wakiapa kwamba mali iliyoibwa ina thamani ya shilingi 39. Sheria ilikuwa kali kiasi kwamba waliopewa kazi ya kuitekeleza waliona afadhali waseme uongo. Cesare Beccaria, mwanafikra wa sheria kutoka Milano, alikwisha kuandika mwaka 1764 kwamba mhalifu huzuiwa na uhakika wa kukamatwa kuliko ukubwa wa adhabu, na mwaka 1786 dola ya Toscana, sehemu ya Italia ya leo, ikawa ya kwanza Ulaya kuifuta adhabu ya kifo kabisa.

Wanaoitetea nao wasibezwe. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alisema hata watu wa kisiwa wakikubaliana kuivunja jamii yao na kutawanyika, muuaji wa mwisho aliyebaki gerezani auawe kwanza, wasije wakaondoka na damu ile juu yao. Wazo hilo halina kiu ya damu ndani yake. Linasema uhai wa marehemu ulikuwa na uzito, na uzito huo lazima uonekane kwenye adhabu. Hata neno kisasi tumelichafua mitaani. Katika sheria ya Kiislamu kisasi ni mpaka: ashikwe aliyeua, asiguswe ndugu yake wala ukoo wake, na warithi wa aliyeuawa wana nafasi ya kusamehe au kupokea diya, yaani fidia ya damu. Tena muuaji aliyekwisha kufa haui tena, hilo halina ubishi.

Hoja ya kwamba kitanzi kinawatisha wengine naona haifai kupotezewa muda. Mwaka 1975 mwanauchumi Isaac Ehrlich alikadiria kwamba kila hukumu ya kifo iliyotekelezwa Marekani iliokoa watu wapatao 8. Miaka 37 baadaye, kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo ilizipitia tafiti za namna hiyo na kusema hazina msaada wowote katika kujua kama adhabu hii inapunguza mauaji, inayaongeza au haibadilishi kitu. Pande zote mbili zikanyang'anywa silaha.

Kilichobaki ni makosa ya mahakama, na hapa kuna namba moja ambayo hainiachi. Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Samuel Gross walichunguza hukumu za kifo zilizotolewa Marekani kuanzia 1973 hadi 2004. Waliokuwa wamethibitika hawana hatia na kuachiwa huru walikuwa asilimia 1.6. Hata hivyo watafiti wakakadiria kwamba wasio na hatia hasa ni angalau asilimia 4.1, yaani karibu mmoja katika kila 25.

Pengo kati ya namba hizo mbili limetoka wapi? Zaidi ya theluthi moja ya waliohukumiwa kufa waliondolewa baadaye kwenye orodha ya kuuawa, wakabaki gerezani, wengi kwa kifungo cha maisha. Mtu anapokuwa anasubiri kuuawa, mawakili huhangaika, majaji husoma faili mara ya pili na ya tatu, wanahabari hupiga hodi. Akishapunguziwa adhabu, kila mtu huhema na kurudi kwake. Faili linafungwa, na kama hakuua, hakuna tena anayemtafutia ushahidi. Watafiti walipopiga hesabu ya nini kingetokea kama wote wangeendelea kuchunguzwa kwa jicho lile lile la mwanzo, ndipo 1.6 ikawa 4.1.

Nakiri kwamba namba hii inawakata wapinzani pia. Mtetezi wa kitanzi anaweza kusema: mnaona, hofu ya kuua ndiyo inayowafanya mchunguze, mkiifuta, asiye na hatia ataozea gerezani bila mtu kumkumbuka. Sijasikia mpinzani akilijibu hilo vizuri, na wengi hawalitaji kabisa. Jibu ninaloliona mimi ni kwamba aliyesahauliwa bado anaweza kukumbukwa. Kwa aliyeuawa hata nafasi hiyo haipo.

Iwao Hakamada, aliyewahi kuwa bondia wa kulipwa nchini Japani, alikamatwa mwaka 1966 baada ya familia ya watu 4 kuuawa. Alihojiwa takriban siku 20 mpaka akakiri, kisha akakana mahakamani. Zaidi ya mwaka mmoja baada ya mauaji, kesi ikiwa inaendelea, polisi wakasema nguo zenye damu zimeonekana ndani ya tangi la miso, ile soya iliyochachushwa. Mwaka 1968 akahukumiwa kifo. Majaji walikuwa watatu, na mmoja wao, Norimichi Kumamoto, hakuamini kwamba mtu yule ameua. Alishindwa kwa kura, kisha akapewa yeye kazi ya kuiandika hukumu. Akaiandika. Muda mfupi baadaye akauacha ujaji, na mwaka 2007 akajitokeza kusema hadharani kilichokuwa moyoni mwake.

Hapo ndipo linapokwama pendekezo linalosikika la busara, kwamba tuwaue wale tu ambao hatia yao haina shaka. Sheria imekuwa ikitaka hivyo siku zote! Hukumu ya Hakamada kwenye karatasi haikuwa na shaka, na aliyeishika kalamu alikuwa nayo tele. Kukiri nako si dawa. Timothy Evans alikiri kwa polisi wa London, akakana, akanyongwa mwaka 1950 kwa kosa la kumuua binti yake mchanga. Shahidi mkubwa wa mashtaka alikuwa jirani yake wa nyumba ile ile, John Christie, ambaye mwaka 1953 aligundulika kuwa muuaji wa wanawake kadhaa, mke wa Evans akiwa mmoja wao.

Shirika la haki za binadamu la Amnesty International linahesabu nchi 113 zilizoifuta adhabu hii kwa makosa yote kufikia mwisho wa 2024. Mwaka huo huo lilirekodi watu 1,518 waliouawa kwa hukumu za mahakama, idadi kubwa kuliko ya mwaka wowote tangu 2015, bila kuhesabu maelfu wanaoaminika kuuawa China, ambako takwimu ni siri ya serikali. Kwa hiyo anayesema dunia imekwisha kuamua, anaharakisha.

Septemba 2024 mahakama ya Shizuoka, Japani, ilimwona Hakamada hana hatia na kusema ushahidi dhidi yake ulitengenezwa, zikiwemo zile nguo. Alikuwa na miaka 88. Hakufika mahakamani, kwa sababu miaka ya kusubiri kuitwa asubuhi yoyote kwenda kunyongwa ilikuwa imemharibu akili. Dada yake Hideko, mwenye miaka 91, ndiye aliyesimama badala yake. Mwaka uliofuata Hakamada akapewa fidia ya yeni 12,500 kwa kila siku aliyokaa kizuizini. Evans naye alisafishwa. Mwaka 1965 mifupa yake ilifukuliwa kutoka makaburi ya gereza la Pentonville na kuzikwa upya, na mwaka uliofuata ukatolewa msamaha wa Malkia, ukiwa na jina lake.