Mji Mdogo Si Mahali pa Kupumzikia

Nimechoka kusoma sifa za miji midogo zinazoandikwa na watu waliolala huko siku mbili. Ni zile zile kila mara: utulivu, hewa safi, nyota. Hayo yote yapo, sibishi. Lakini anayehamia kwa ajili ya hayo tu, haupiti mwaka ameanza kulalamika kwamba hakuna kinachoendelea.

Raha ya kuishi penye watu 300 ni kujua kila unachokitegemea kinatoka wapi, na kuhitajika wewe mwenyewe ili kisikatike.

Chukua maji. Penye pampu moja ya mkono, wenyeji huitambua inapoanza kuugua. Ukipampu mara nyingi ndipo maji yatoke, ujue vali ya chini, ile inayozuia maji yasirudi kisimani, inavuja na bomba limejimwaga usiku. Yakitoka papo hapo lakini kidogo, mpira wa pistoni umelika. Mpini ukiyumba, tazama bushi, vipande vinavyoushikilia pale unapozungukia. Afridev, pampu iliyobuniwa miaka ya 1980 kwa makusudi ili wanakijiji waitengeneze wenyewe, hufunguliwa kwa spana moja. Fito zake, zinazounganisha mpini na pistoni chini, hushikana kwa kulabu, na vali ya chini huvuliwa bila kung'oa bomba. Pampu ikifa kabisa, mara nyingi chuma hakina kosa. Mpira wa bei ndogo haukununuliwa mapema, kwa kuwa michango ilisubiri pampu iharibike kwanza. Fundi anafundishika kwa siku chache. Mweka hazina anayesoma hesabu mbele ya watu wote kila mwezi ndiye adimu, na ndiye anayeifanya pampu idumu.

Kwingine maji yakikatika unapiga simu na kuambiwa usubiri. Hapa unaitwa ukashike upande wa pili wa fito, na aliyewahi kuishika haitwi mgeni tena.

Faragha ni ndogo, nakubali. Ila jicho lile lile linaloona umerudi saa ngapi ndilo linaloona saa nne imefika na dirisha la bibi wa jirani bado limefungwa.

Nisichoweza kukitetea ni umbali wa hospitali. Kiharusi kinachotokana na bonge la damu kina dawa ya kuliyeyusha, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na kabla yake lazima kichwa kipigwe picha, kwa kawaida ya CT, kuhakikisha ubongo hauvuji damu. Mvua ikikata barabara, muda huo unaishia njiani. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo aupime umbali huo kwa saa, tena kwa msimu wa mvua, kabla hajafunga mizigo.

Wengine wanaofikiria kuhama waache kuuliza kama kuna utulivu. Waulize kamati ya maji inakutana lini, spea zinatunzwa na nani, na akisafiri nani anabaki na ufunguo. Wakijibiwa bila kusitasita, wahamie, na kikao kijacho wahudhurie.