Nonritani unamnunulia jirani

Jirani yangu alikuja asubuhi na kikombe cha chai mkononi, hata salamu haikukaa sawa, akaniambia "baba, onja hii". Nikaonja. Ilikuwa na sukari, ilikuwa na tangawizi, na ilikuwa na chumvi. Na sio chumvi ya mtu kukosea kopo, ni ile ya kisima changu, huku Tabata visima vingi vina chumvi lakini mwenye kisima anaijua ya kwake hata akiionjea gizani. Nikajifanya kushangaa, nikasema labda maji ya mtaa leo yameamkia hivyo. Akaniangalia, akachukua kikombe chake, akaondoka.

Nilijua ni mimi. Niwaeleze ilikuwaje maana nyumba nyingi sana hapa Dar mabomba yake yamefungwa kama yangu yalivyokuwa. Kuna laini ya mamlaka ya maji inayoingia kwa mita pale getini, halafu kuna kisima na pampu yake inayopandisha maji kwenye simtanki. Fundi aliyenifungia mwanzo, ili aokoe paipu, alizikutanisha laini zote mbili kwenye tii moja (kiungo cha njia tatu) akaweka getivalvu, ile ya kuzungusha kwa mkono, akanielekeza: maji ya mtaa yakikata funga hapa uwashe pampu, yakirudi zima pampu ufungue. Basi. Yaani usafi wa maji ya mtaa mzima unategemea kumbukumbu ya mtu anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala. Usiku huo maji yalikuwa yamekata siku ya pili, mpangaji wangu akawasha pampu, getivalvu iko wazi, pampu ikapeleka maji juu kwenye tanki na mengine ikayapeleka getini, yakapita kwenye mita, yakatoka nje kwenye paipu la mtaa lililokuwa tupu. Nilipoenda kuangalia mita nikakuta namba ni ndogo kuliko ile niliyoipiga picha Jumapili. Mita imerudi nyuma! Kwa sekunde kama kumi nilifurahi, siwezi kudanganya.

Haikupita wiki watu wa maji wakaja, sijui nani aliwaambia (najua), wakanikatia na kunipa masharti. Tenganisha kisima na laini yetu, funga nonritani valvu (ile inayopitisha maji upande mmoja tu, yakiingia hayarudi) baada ya mita, ndio turudishe. Nikafoka kweli. Maji yenyewe hamleti, mkileta mnaleta saa nane usiku, halafu mnataka niingie dukani kwa hela yangu ninunue kifaa ambacho mimi hakinisaidii chochote? Na hapo nilikuwa nimesema ukweli bila kujua. Nonritani ya pale getini haikulindi wewe. Inamlinda yule wa nyumba ya pili, na wa tatu, na mama ntilie wa kona. Ndio maana hakuna mtu anayeinunua mpaka alazimishwe, na ndio maana siku hizi nasema kulazimishana kwenye hili ni sawa kabisa.

Tuje kwa fundi. Fundi wa pili alikuja na valvu ya shaba ya robo tatu inchi, akafunga threditepu ya kutosha, akakaza, akaniambia tayari bosi. Watu wa maji wakarudisha huduma. Siku ya kwanza hakuna maji. Ya pili hakuna. Ya tatu nimeshampigia kila mtu simu, nimelaani mgao mpaka basi, ndio yule jirani wa chai akapita akaniuliza kwa upole mbona kwake yanatoka tangu juzi. Tukaenda na tochi kuangalia. Kwenye mwili wa ile valvu kuna mshale umechongwa kuonyesha maji yanakopita, na mshale ulikuwa unaangalia barabarani. Fundi kaifunga kinyume. Siku tatu nzima nimezuia maji ya mamlaka yasiingie kwangu huku mlango wa kutoka kwangu kwenda mtaani nikiuacha wazi, yaani kama ningetaka kufanya makusudi nisingeweza kupatia vile.

Wengi mtasema mimi sina kisima, hayanihusu. Hebu fanya hivi, siku maji yakikata weka kiganja kwenye mdomo wa koki ya nje kisha uifungue taratibu. Mara nyingine utasikia inakuvuta. Tumezoea kuacha koki wazi usiku ili ikianza kupiga upepo tuamke tukinge, lakini upepo mwingine hautoki, unaingia. Maji yaliyobaki kwenye paipu yanateremkia kwenye nyumba za bondeni, na nyumba za juu zinabaki zikinyonya, kama yule jamaa anayetoa petroli kwenye tangi la bodaboda kwa mpira, akishavuta mara moja yenyewe inaendelea. Sasa fikiria mpira wa maji umeachwa umezama kwenye beseni la nepi. Au kwenye pipa la pale wanapooshea magari. Au kwenye dumu la mtu anayechanganya dawa ya kupulizia mchicha. Koki iko wazi, presha imeshuka, kilichomo kinaondoka kimya kimya kwenda kusubiri kwenye bomba, na maji yakirudi cha kwanza kusukumwa kwenye koki ya mtu ni hicho. Na ukiwa na jirani aliyefunga pampu yake moja kwa moja kwenye laini ya mtaa ndio kabisa, maana huyo hasubiri presha ishuke, anaishusha mwenyewe.

Na sio mambo ya uswahilini tu. Marekani mwaka 1969, timu ya futibo ya chuo cha Holy Cross kule Massachusetts iliambukizwa homa ya ini karibu yote, watu 90 kati ya 97, msimu ukafutwa wakiwa wamecheza mechi mbili tu. Walipochunguza wakakuta ni maji ya uwanja wa mazoezi. Kulikuwa na moto mjini, zimamoto wakavuta maji mengi, presha ikaanguka, bomba la uwanjani likanyonya maji machafu yaliyotuama kwenye vishimo vya kumwagilia nyasi, na watoto wenye ugonjwa huo walikuwa wanachezea hapo hapo. Chicago mwaka 1933 ilikuwa mbaya zaidi, mabomba ya hotelini maji safi na machafu yaligusana, watu zaidi ya 1,400 wakapata kuhara damu kwa amiba na 98 wakafa. Finland mwaka 2007, mji wa Nokia, ndio huo huo jina la simu lilikotoka, valvu moja kwenye mtambo wa majitaka ilifunguliwa maji yakaingia kwenye laini ya kunywa, maelfu wakaharisha. Nchi zilizoendelea hizo, zenye maji saa ishirini na nne.

Sasa hapa ndipo ninapotofautiana na watu wetu wa maji. Ukishafunga nonritani wanaangalia, wanatikisa kichwa, wanaondoka, na hawarudi tena. Ile kitu ndani ni kilango kidogo na mpira wake au springi. Huku kwetu maji yakirudi baada ya mgao yanakuja na mchanga na kutu, chembe moja ikikaa kwenye ukingo wa kilango hakifungi tena, na kwa nje huoni tofauti yoyote. Wenzetu Marekani sehemu nyingi unatakiwa kila mwaka umlete mtu mwenye cheti akipime kifaa cha kuzuia maji kurudi na karatasi iende kwa mamlaka. Na penye hatari kubwa kama hospitali au viwandani hawakubali kilango kimoja, wanafunga kile chenye vilango viwili na katikati kuna tundu la kutapikia, kilango kikishindwa maji yanamwagika nje mnayaona badala ya kurudi kimya kimya. Ndio maana hakifungwi kwenye shimo linalojaa maji ya mvua, tundu likizama hakina maana. Sisi shimo la mita likijaa tunaliita kawaida.

Mimi kama ningekuwa naandika hayo masharti ningeanza na kitu cha bure: hewa. Bomba la mamlaka liingie kwenye tanki kwa juu na liishie juu, pasigusane na maji hata tanki likijaa mpaka kumwagika. Nafasi iwe angalau mara mbili ya upana wa bomba na isipungue inchi moja. Hakuna springi, hakuna mpira wa kuchakaa, na maji hayajawahi kuruka juu kurudi kwenye bomba. Mafundi wetu wanaliharibu hilo kwa kuunga kipande cha paipu mpaka chini ya tanki ili lisipige kelele usiku likijaa. Kelele ndio uzima wenyewe jamani, acheni lipige. Wenye hita kubwa za maji moto tu niwaambie kidogo, ukishafunga nonritani yale maji yakipashwa yanatanuka na hayana pa kurudi, kwa hiyo valvu ya usalama ya hita iwe nzima.

Na mamlaka nayo ibebe sehemu yake. Mgao wenyewe ndio unaotengeneza ule mvuto, kila wanapokata wanageuza koki zetu zote kuwa midomo. Siwezi kukubali niambiwe mimi ndiye hatari peke yangu wakati paipu limekaa tupu siku mbili.

Kwangu sasa kisima kina tanki lake na laini yake ya kuoshea na choo, tii nimeikata. Nonritani naifungua kila baada ya miezi sita, nimeweka yunioni (viungo vya kufunguka bila kukata paipu) pande zote mbili kwa hiyo ni kazi ya spana na dakika kumi, mara ya mwisho nilikuta kokoto ndogo kama punje ya mchele imekaa pale pale kwenye ukingo. Nikampelekea jirani aione. Akanikaribisha chai, akamimina vikombe viwili, akaonja cha kwake kwanza, akanyamaza kidogo, ndio akanisogezea changu.