Siku Niliyolipigia Darasa Saluti

Katika miaka 11 ambayo nimefundisha biolojia, sijapata kuifundisha mada ya ngozi kwa ukamilifu kama siku ile ambayo kidole changu cha shahada kilikuwa kimegandamana na unyusi wangu wa kulia, mbele ya wanafunzi 42 na mkaguzi mmoja ambaye sura yake haikuonyesha kwamba alipata kucheka tangu aajiriwe.

Chanzo cha yote kilikuwa unywele mmoja, tena wa plastiki. Maabara yetu ina kielelezo cha ngozi, kikubwa kama matofali mawili yaliyobebana, ambacho huonyesha tabaka la nje liitwalo epidemisi, kisha dermisi yenye mishipa ya damu, neva, tezi na mashina ya nywele, na chini kabisa tabaka la mafuta lenye rangi ya manjano. Juu ya kielelezo hicho huchomoza nywele tatu, kila mmoja mnene kama penseli, na asubuhi ya ukaguzi niliukuta mmoja umelala mezani umevunjika. Mwalimu mwenye akili timamu angefundisha kwa nywele mbili zilizobaki. Mimi nilikwenda kutafuta gundi.

Nilichopata ni ile gundi kali ya kichupa kidogo, inayoshika kabla hujamaliza kuhesabu hadi kumi. Kemikali yake, sayanoakrileti, iligunduliwa nchini Marekani mwaka 1942, wakati mkemia Harry Coover na wenzake walipokuwa wakitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vifaa vya kulengea shabaha ya bunduki, nao wakaiweka kando kwa sababu ilinata kwenye kila ilichokigusa. Historia hiyo naijua vizuri, na nimewahi kuwasimulia wanafunzi kwa madaha, lakini kujua na kukumbuka ni watu wawili wasiotembea pamoja. Gundi hiyo haikauki kwa kupoteza maji kama ile ya kubandikia karatasi. Kinyume chake, huganda inapokutana na unyevu, na hata unyevu mdogo ulioko hewani huitosha. Hapo ndipo mwili wangu wenyewe ulipoamua kunisaliti.

Binadamu ana tezi za jasho zipatazo kati ya milioni 2 na milioni 4, na hakuna mahali zilipobanana zaidi kuliko kwenye viganja na nyayo, ingawa paji la uso nalo halikunyimwa fungu lake. Sehemu kubwa ya mwili hutoa jasho ili kujipoza, kwa kuwa maji hayo yanapogeuka mvuke huondoka na joto. Lakini tezi za viganjani huamshwa zaidi na hofu, wala hazijali kama kuna jua au mvua. Niliposikia mkaguzi akikohoa koridoni, viganja vyangu vilimwitikia kabla yangu. Tundu la kichupa lilikuwa limeziba, nikalikwangua kwa ukucha, gundi ikafoka, ikanipaka ukucha, ubavu wa kidole cha shahada na sehemu ya kidole cha kati. Niliuchomeka ule unywele wa plastiki upesiupesi kwenye tundu la kwanza nililoliona. Wakati huohuo tone la jasho lilikuwa likiteremka kutoka kwenye paji la uso kuelekea jichoni, nami, bila kufikiri, nikalifuta kwa mkono uleule.

Kengele ikalia. Mkono haukushuka.

Mlango ulipofunguliwa, wanafunzi waliniona nimesimama wima nyuma ya meza, vidole viwili vimeshikamana, ubavu wa kiganja umegusa unyusi, kiwiko kimetoka nje. Kiongozi wa darasa alisita kwa sekunde moja tu, kisha akabana visigino na kuipokea saluti kwa saluti, na darasa zima likamfuata kwa nidhamu ambayo sijaiona tena tangu siku hiyo. Mkaguzi aliketi nyuma kabisa, akafungua daftari, akaandika. Sikuwa nimetamka neno, naye tayari alikuwa na la kuandika.

Nilijaribu kuuvuta mkono kidogo. Malaika ya mikononi yakasimama yote kwa mpigo, na kwa kuwa sikuwa na njia nyingine ya kuficha aibu, niliamua kufundisha. Niliwaeleza wanafunzi kwamba karibu kila unywele umefungwa na kamsuli kadogo ambako, tunapopatwa na baridi, hofu au maumivu, hukaza na kuusimamisha, na kwamba kwa mnyama mwenye manyoya mengi jambo hilo husaidia kutunza joto na kumfanya aonekane mkubwa mbele ya adui, ilhali kwa binadamu halisaidii chochote, kama walivyokuwa wakishuhudia. Msichana mmoja wa mbele akauliza kwa adabu, "Samahani, Mwalimu, mbona hushushi mkono?" Nikajibu kwamba swali hilo tutalifikia baadaye.

Hatukulifikia, kwa sababu mkaguzi alinyanyuka kukitazama kielelezo kwa karibu, akavaa miwani, akasema maneno yake ya kwanza: "Mwalimu, unywele huu umeuotesha kwenye tundu la tezi ya jasho." Ilikuwa kweli. Wakati nywele za kawaida hutoka kwenye vishimo vyake, ambamo tezi za mafuta humwaga mafuta ya kulainisha ngozi na nywele, wangu ulikuwa umesimama juu ya mfereji wa jasho, umekazwa kwa gundi ambayo ingemshinda fundi yeyote. Nikakiri kosa hilo, kisha nikakiri na lile jingine, lililoning'inia usoni pangu.

Kicheko kilichofuata sitakieleza. Ushauri uliofuata ndio wa kusimuliwa. Kijana mmoja alitaka nivute kwa mkupuo, mwenzake akapendekeza wembe, na mkaguzi, ambaye sasa alikuwa mwanadamu kama sisi, akasema asetoni huyeyusha gundi ya namna hii, kwa hiyo atafutwe mwenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Aliyeniokoa ni mzee anayetunza maabara. "Mwalimu, asetoni karibu na jicho? Hapana," alisema. "Na usivute. Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, ukiichana utalia." Akaleta beseni la maji ya uvuguvugu yenye sabuni na kitambaa, akaanza kunikanda kwa utulivu wa mtu anayeosha mtoto mchanga.

"Mzee, unafikiri itatoka?" nilimuuliza.

"Itatoka yenyewe hata tukiiacha, Mwalimu. Si wewe unayewafundisha kwamba ngozi hujivua?"

Alikuwa amenishika pabaya, kwa kuwa ndivyo nifundishavyo kila mwaka: seli huzaliwa chini ya epidemisi, husukumwa juu, hujaa protini ngumu iitwayo keratini, hufa, na kupukutika, safari ya takriban wiki nne kwa mtu mzima. Gundi ilikuwa imeshika seli zilizokwisha kufa, wala haikushika mimi hasa. Ila wiki nne za kupiga saluti ni nyingi, hata kwa mwanajeshi.

Baada ya dakika 20 za sabuni, kidole kilianza kubiruka polepole, milimita baada ya milimita, na ngozi ikaachia bila kutoka damu hata tone, jambo ambalo lilinipa nafasi ya kueleza, nikiwa na povu puani, kwamba epidemisi haina mishipa ya damu. Tatizo lilikuwa nywele. Zile hazikushikwa juujuu. Zilikuwa zimezama ndani ya gundi kama nguzo ndani ya saruji, na kidole kilipobanduka viliondoka navyo viunywele visivyopungua 30, vingine na vishina vyake vyeupe. Machozi yalinitoka. Mzee alinipa pole. Mkaguzi akauliza kama hadubini iko karibu.

Basi somo likaishia hapo, kwenye foleni ya wanafunzi 42 waliosubiri kutazama unyusi wa mwalimu wao kwa hadubini. Waliuona uvimbe wa shina na waliona wazi kwamba sehemu ya juu ya unywele imekufa, kwani hata nilipoikata kwa mkasi sikusikia kitu. Mkaguzi alitazama mara mbili.

Yaliyobaki yalikuja polepole. Tone la gundi lililoganda kwenye ukucha, karibu na ile sehemu nyeupe yenye umbo la mwezi mchanga, sikuliondoa, kwa kuwa wanafunzi waliniomba waendelee kulipima. Lilisogea kama milimita 3 kwa mwezi, na likawa linaonekana wakati wote nilipoandika ubaoni. Unyusi nao ulikawia. Nilijaribu kuuchora kwa wanja, lakini jasho liliushusha hadi shavuni kabla ya kipindi cha pili, na hata nilipouacha wazi, jasho la paji la uso lilipita moja kwa moja na kuniingia jichoni, la kulia tu, kila siku, mpaka nikazoea kufundisha nikiwa nimekunja jicho moja.

Katika mtihani wa mwisho wa muhula niliuliza, "Taja kazi moja ya nyusi." Wanafunzi wote 42 walipata. Mmoja wao aliandika kwamba nyusi huzuia jasho lisiingie machoni, isipokuwa kwa Mwalimu, ambaye alama yake ya kulia imekatwa, na pembeni akachora uso wenye unyusi mmoja, ukipiga saluti. Nilimpa alama zote, kisha nikatafuta kalamu nyekundu na kusahihisha mchoro: alikuwa ameukosea upande.