Kifumbu si fumbo dogo

Makala moja niliyoisoma yasema Waingereza walianza kuoneshwa mchezo wa maneno uitwao Call My Bluff kwenye runinga ya BBC mwaka 1965: timu mbili za watu watatu, neno moja gumu, maana tatu, mbili za uongo, wapinzani wabahatishe ya kweli. Mbona huku Mombasa twaucheza kila jioni barazani, bila kamera wala zawadi! Juzi nilimtupia mpwa wangu neno "kifumbu". Akaapa, uso mkavu, eti ni fumbo dogo. Wenziwe wawili wakamwamini! Nikaingia jikoni nikakitoa chenyewe, kile kifuko cha ukili cha kukamulia tui, chicha za mchana bado zimegandamana ndani. Tatizo la mchezo wetu ni moja tu: anayeshindwa hakubali, na kahawa hailipwi.