Kihesabu Kinachokubali Kushiba

Mwezi uliopita nilikuwa Luthuli Avenue, Nairobi, nimeegemea meza ya fundi wa simu nikisubiri zamu yangu. Aliyenitangulia alikuwa mama anayeuza nguo Gikomba, na simu yake ndiyo duka lenyewe: malipo ya M-Pesa yanaingia humo, namba za wateja ziko humo. Fundi alimaliza kubadilisha kioo, akaiwasha, akapita kwenye mipangilio kuhakikisha haijaharibika kitu. Nikachungulia. Kerneli, yaani moyo wa mfumo endeshi, ilikuwa 4.9, toleo lililotoka Desemba 2016. Sasisho la mwisho la usalama lilikuwa la miaka kadhaa nyuma. "Iko sawa, mama," fundi akasema. Mama akalipa, akaondoka.

Simu ile imenirudisha kwenye mjadala wa kuhesabu marejeo kwa usalama ndani ya kerneli, yaani kuhesabu ni wangapi bado wanatumia kitu fulani: je, kihesabu hicho kizuiwe kufurika hata kama ulinzi huo unagharimu kasi? Mara nyingi huongelewa kana kwamba unawahusu wenye seva kubwa peke yao. Mimi naona unamhusu yule mama kuliko wao.

Ndani ya kerneli, faili iliyofunguliwa au muunganisho wa mtandao hutumiwa na sehemu nyingi kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila kitu hubeba kihesabu chake. Anayeanza kutumia kitu hicho anaongeza moja, anayemaliza anapunguza moja. Kikifika sifuri, kumbukumbu yake hugawiwa wengine. Ni kama soja wa getini na daftari la wageni: likionyesha hakuna aliyebaki, anazima stima na kufunga jengo.

Sasa, kihesabu cha biti 32 kina mwisho. Kikipita 4,294,967,295 kinarudi sifuri, kama mita ya gari kuukuu iliyokwisha tarakimu. Mwandishi wa programu akisahau kupunguza mahali pamoja tu, mshambulizi anaweza kuparudia mahali hapo mpaka namba izunguke. Soja anafunga jengo watu wakiwa ndani, na mshambulizi anapangishwa vyumba vyao.

Haya si ya kufikirika. Januari 2016 watafiti wa kampuni ya Perception Point walitangaza dosari iliyopewa namba CVE-2016-0728, iliyokuwa kwenye Linux, kerneli iliyomo pia ndani ya simu za Android, tangu toleo la 3.8 la mwaka 2013. Programu ikiomba kujiunga na mtungo wa funguo (mkusanyiko wa siri ambazo kerneli huzitunza) ambao tayari imo, kihesabu kilipanda moja na hakikushuka tena. Kwenye prosesa ya Intel Core i7-5500 iliwachukua kama nusu saa kukizungusha, na mtumiaji wa kawaida akaishia na mamlaka yote ya mashine.

Niliwahi kuwasha kerneli ya 3.18 isiyo na kiraka (marekebisho ya dosari) ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya nyingine, nikaitazama hali hiyo kwa macho. Namba ya matumizi inaonekana kwenye faili ya /proc/keys. Kila ukiisoma imepanda. Inapanda hadi zaidi ya bilioni mbili, kisha inatokea alama ya kutoa mbele yake, kwa sababu huonyeshwa kama namba yenye hasi na chanya. Kuanzia hapo inatambaa kurudi sifuri kutoka upande wa pili. Nilikaa kimya mbele ya skrini. Hakuna king'ora kilicholia wala onyo lililoandikwa popote.

Jibu la Linux liliingia katika toleo la 4.11, Aprili 2017, kwa jina la refcount_t. Kihesabu hiki hushiba: kikikaribia kufurika kinaganda, kinatoa onyo, na hakisogei tena. Kile kitu hakitafutwa kamwe. Vilevile kinakataa kuongezwa kutoka sifuri, maana kitu kilichofika sifuri kimekwisha kufa. Wazo la kuzuia kufurika lilikuwepo muda mrefu katika viraka vya PaX, mradi wa kuimarisha usalama wa Linux, na waliolipeleka Linux, akina Elena Reshetova na wenzake, walitaka kwanza kulinda vihesabu vyote vya atomiki, yaani vile ambavyo wengi huweza kuvibadilisha kwa wakati mmoja bila kuharibiana hesabu. Peter Zijlstra, mmoja wa watunzaji wa kerneli, akapinga: vingine ni takwimu tu na vina haki ya kuzunguka. Akapendekeza aina ya pekee kwa ajili ya marejeo. Naona alisaidia sana, kwa sababu jina lenyewe la aina hiyo linamweleza msomaji wa msimbo kihesabu kimewekwa hapo kwa kazi gani.

Waliolalamika hawakuwa wakaidi. Kwenye mtandao, kihesabu huguswa kwa kila pakiti (kipande cha data) inayopita, na utekelezaji wa kwanza ulisoma thamani, ukaikagua, kisha ukajaribu kuibadilisha, na kurudia mwingine akiwahi. Hilo lina bei. Ndiyo maana kwa muda ukaguzi kamili uliwekewa swichi, anayetaka kasi auzime. Mimi hoja hii naisikia kwa sikio la Nairobi: simu za bei nafuu nyingi zimetumia prosesa za Cortex-A53, ambazo hazina amri mpya za atomiki za ARM, hivyo gharama ya kurudia rudia huzielemea hasa hizo.

Lakini hoja hiyo ilipungua nguvu. Katika toleo la 5.5, Januari 2020, kazi ya Will Deacon, msanidi wa kerneli, ilibadili mpangilio: ongeza kwanza, kagua baadaye, na ukikuta hitilafu weka namba katikati ya eneo la hasi, mbali na sifuri kiasi kwamba nyuzi nyingi (kazi zinazoendeshwa sambamba) zikigongana pale haziwezi kukisukuma nje. Swichi ikaondolewa. Penye msongamano mkubwa bado kuna malalamiko ya haki, na mwaka 2023 msanidi mwingine, Thomas Gleixner, alileta rcuref, aina nyingine ya kihesabu, kwa ajili ya sehemu kama hizo, ikiwa na ulinzi wake ndani.

Hoja ya pili ni kwamba kuganda ni kuvujisha kumbukumbu. Ni kweli. Lakini nikipewa kuchagua kati ya simu inayolemewa hadi iwashwe upya na simu iliyotekwa pamoja na pesa zilizomo, sihitaji muda wa kuwaza.

Hoja ya tatu ndiyo inayoninyima usingizi. Kosa likiwa la kupunguza mara mbili, refcount_t haioni kitu. Kutoka moja kwenda sifuri ni safari halali, na kitu kinafutwa mapema bila onyo. Onyo huenda likaja mwenye haki atakapokuja kupunguza, kama kumbukumbu haijapewa mwingine kufikia hapo. Upande huo unahitaji dawa nyingine, na lugha ya programu ya Rust, iliyoingia Linux katika toleo la 6.1 mwezi Desemba 2022, inaikaribia: mkompaila, programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine, ndiye anayepanga upunguzaji ufanyike mara moja, mwisho wa matumizi, badala ya kumwachia binadamu akumbuke. Chini yake bado kinatumika kihesabu kilekile kinachoshiba.

Hata hivyo mizani yangu inaelemea upande wa refcount_t, na sababu ni ile meza ya Luthuli. Kiraka hutibu dosari iliyokwisha kugunduliwa, tena kwa mwenye simu inayopokea masasisho. Kihesabu kinachoshiba kiko ndani ya simu tangu inatoka kiwandani, na kinazuia hata mfuriko wa dosari ambayo bado hakuna aliyeiona. Simu ya yule mama ilitengenezwa na kerneli iliyotangulia mabadiliko haya, na nina shaka kama kuna kiraka kitakachoifikia. Siku hizi jirani akiniomba nimsindikize kununua simu iliyotumika, kabla ya kutazama kamera nafungua mipangilio na kutafuta toleo la kerneli. Nikikuta 5.10 au zaidi, yaani toleo lililokuja baada ya 5.5, namwambia aanze kupatana bei.