Nilitumwa Tangi, Nikarudi na Pijo

Kila asubuhi saa kumi na moja na nusu Mama Kevo huvuta pazia la sebule, huchungulia nje, kisha huniuliza swali lilelile: "Baba Kevo, leo ni wangapi?"

Haulizi vikombe vya chai. Anauliza leo ni watu wangapi wa kusukuma gari. Siku ya ukavu ni wawili. Kukinyesha usiku ni wanne, na mmoja awe mtu wa kula ugali.

Wacha nieleze mwenyewe, kabla jirani hajawaeleza.

Huku kwetu Umoja, Nairobi, maji hutoka siku yanapojisikia. Tukakubaliana tununue tangi la lita 5,000. Mama Kevo akatoa pesa zake za chama cha kuweka akiba, elfu thelathini na nane, akanihesabia mezani noti moja moja, akanituma Rongai kwa mzee aliyekuwa anahama na kuuza vitu vyake. Tangi lilikuwepo, sikatai. Tangi zuri, jeusi, na mfuniko wake. Lakini nyuma ya tangi, chini ya mparachichi, kulikuwa na kitu kimefunikwa turubai, na turubai lilikuwa limechanika upande mmoja. Hapo pakachungulia taa ya mbele, ile iliyokatwa mshazari kama jicho la mtu anayejua siri yako.

Peugeot 504. Pijo! Nyeupe, wakati fulani huko nyuma.

Wewe uliyezaliwa juzi hutanielewa. Sisi tuliokua miaka ya themanini, Pijo ilikuwa gari la mwalimu mkuu. Ikiingia kijijini watoto tunasimama kando ya njia, hata mbuzi wanasimama. Halafu kulikuwa na zile ndefu zilizofanya kazi ya matatu ya masafa, Nairobi hadi Nakuru, mmebanana mpaka mkishuka huna hakika mguu uliobaki nao ni wako. Mimi nilikuwa mtoto wa kupakatwa, kiti cha nyuma kabisa, naangalia barabara ikikimbia kurudi nyumbani bila sisi. Siku moja, nikajiambia, nitakaa mbele.

Yule mzee hakunishawishi kwa neno hata moja. Ndio ujanja wenyewe. Alivuta turubai, akafungua mlango, akasema anaenda kutafuta kamba ya kufungia tangi. Nikakaa. Kiti kikashuka nami polepole, kama kochi la shangazi. Gia iko pale shingoni mwa usukani, kama zamani. Mzee aliporudi na kamba alinikuta nimeshika usukani kwa mikono miwili na mdomo unafanya "vruuum". Mtu wa miaka hamsini na moja.

"Shilingi ngapi?" nikauliza.

"Tangi?"

Nikanyamaza. Akaiweka kamba chini.

Alitaka laki mbili na elfu ishirini. Nikabishana naye kikatili kabisa, tukaafikiana laki mbili na elfu kumi na tano. Pesa za tangi zikawa arubuni. Zilizobaki nilikopa Sacco, na kwenye fomu, pale pa sababu ya mkopo, nikaandika "maendeleo". Wadhamini wangu watatu tunafanya nao kazi. Kila Jumatatu huniuliza gari limeamkaje, kwa sauti ya mtu anayemwulizia mgonjwa mwenye deni lake.

Nilipofika nyumbani Mama Kevo alilizunguka gari mara moja. Akafungua buti, akatazama ndani, akafunga. Akaingia nyumbani. Hiyo ndiyo hotuba yote niliyopata, na heri angenitukana.

Sasa sikia utani wa Mungu. Redieta linavuja. Kutoka Umoja hadi mjini ni mwendo wa kutema mate, lakini ukikwama kwenye foleni ya Jogoo Road, mshale wa joto unapanda kama bei ya unga. Lita tano za maji kufika City Stadium, lita tano kurudi. Kwa hiyo pesa za kuweka maji zilinunua gari, na sasa maji machache tuliyo nayo ninayajaza kwenye mitungi, ninayapakia kwenye buti, ninalipelekea gari yakiwa ndani ya gari lenyewe. Mama Kevo ameanza kufungia mitungi yake chumbani.

Lakini silaumu chuma. Gari lililofanya kazi miaka arobaini na ushee lina haki ya kupumzika chini ya mparachichi. Nani alikwenda kuliamsha?

Fundi wangu yuko Kariobangi, na kwake kila kitu ni "kitu kidogo tu, mzae". Kwanza zilikuwa ponti. Tukabadilisha ponti. Ikawa koili. Ikawa kabureta, akaivunja vipande kumi na saba juu ya gazeti, akairudisha kwa vipande kumi na sita, na tukafurahi kwamba imepungua uzito. Vitu vya kubadilisha vilipoisha akageukia jiografia. "Mzae, hii gari iliunganishwa Mombasa. Nairobi iko juu sana, mita elfu moja mia saba. Hewa ya huku inaichosha."

Nikamkumbusha kwamba imeishi huku tangu kabla yeye hajazaliwa. Akafuta mikono, akafikiri. "Basi ni petroli. Hii ya siku hizi haina risasi."

Hapo hakudanganya, risasi, yale madini, iliondolewa kwenye petroli yetu kufikia mwanzo wa 2006. Ila sijaona risasi inayoziba redieta. Nikamuuliza sasa tufanyeje. Akasema nimtumie mia tano ya lanchi.

Nikaenda Kirinyaga Road, ile ambayo sisi bado tunaiita Grogan, kutafuta pampu ya maji. Kijana wa dukani akauliza namba ya gari inaishia na herufi gani. Nikamwambia haina herufi ya mwisho. "Imefutika?" Nikamweleza kwamba kabla ya namba za KAA, zenye herufi ya mwisho, kuanza mwaka 1989, namba zilikuwa herufi tatu na tarakimu tatu, basi. Akaniangalia kama nimemwambia nilikuja kwa ngamia, akamwita babake kutoka stoo.

Mzee akatoka na miwani juu ya paji. Kusikia 504, akavuta stuli. Akanipeleka mashindano ya magari ya Safari Rally ya 1975, Ove Andersson alivyoingia mshindi ndani ya 504. Akanipeleka 1978, Jean-Pierre Nicolas, ingawa hiyo, akanionya kwa kidole, ilikuwa coupé, ile ya milango miwili, ya silinda sita, tusichanganye. Matope ya Pasaka akayaonyesha kwa mikono, mpaka wateja wawili wakasogea kando. Dakika arobaini. Pampu je? Hana. Hajaiona miaka mingi. Lakini aliniaga kwa mikono miwili, kama tumezika pamoja.

Na hapo ndipo nilipojua sitaliuza kamwe. Nimeweka bango dirishani miezi minne. Wanaokuja wote ni wanaume wa rika langu, na wote wanafanya kitu kimoja: wanakaa, wananusa kiti, wanasema "babangu alikuwa na hii". Mmoja alilia. Nikampa maji, ya redieta. Halafu wanatoka, wanapapasa bodi, wanakwenda zao na pesa zao mfukoni. Mimi ndiye mjinga pekee niliyenusa nikalipa.

Wiki iliyopita akaja kijana, na huyu hakunusa kitu. Anataka la kukodisha kwenye harusi, bibi arusi akae nyuma na kofia. Na siku hiyo, ajabu, lilijiwasha lenyewe kwa ufunguo, kwa mpigo mmoja! Tukalizungusha mtaani, likaenda kama siagi. Akataja laki moja na themanini. Moyo wangu ukapiga ngoma. Akasema ngoja anunue maji ya kunywa pale dukani, kisha tuandikishane.

Duka liko karibu na steji ya boda.

Sasa wale vijana wa boda ndio wasukumaji wangu. Hamsini kila kichwa, kila asubuhi, Jumapili mara mbili kwa sababu ya kanisa. Mteja kawauliza kwa sauti ya chini, "Hii gari ya huyu mzee ikoje?" Wakatazamana. Mkubwa wao akavua helmeti, akaishika kifuani, akatikisa kichwa taratibu kama aliyeleta habari za msiba.

Kijana hakurudi hata kuchukua kofia yake.

Leo alfajiri sikuhitaji kwenda kuwaita. Nilipofungua mlango walikuwa wamekwisha kujipanga nyuma ya buti, wanne, mikono juu ya bati. "Mzae, usiku kumenyesha," mkubwa wao akasema. "Weka gia ya pili."