Mgombea binafsi: Katiba ya Tanzania mbele ya majaji wa Arusha

Juni 2010 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba suala la mgombea binafsi, yaani asiyedhaminiwa na chama chochote, ni la kisiasa, liachiwe Bunge. Miaka mitatu baadaye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ikaamua vingine katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila na wenzake: kumlazimisha mgombea awe mwanachama wa chama, kama zinavyotaka ibara za 39 na 67 za Katiba, ni kukiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Tanzania iliagizwa kurekebisha, hata Katiba ikibidi. Chaguzi za 2015 na 2020 zikapita bila mgombea binafsi.

Hoja ya serikali si ya kubeza. Katiba ndiyo sheria mama. Majaji kutoka nchi mbalimbali hawakuchaguliwa na Watanzania, na uamuzi wao ukileta vurugu hawatakuwapo kuzituliza.

Hata hivyo, mimi naegemea upande wa pili. Tanzania iliridhia Mkataba huo mwaka 1984 kwa hiari yake. Machi 2010, miezi mitatu tu kabla ya hukumu ya Rufani, ikatoa tamko la kuruhusu mwananchi aende Arusha moja kwa moja. Tena, sharti lenyewe la chama lilibakije katika Katiba? Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilimpa Mtikila ushindi: mgombea binafsi aruhusiwe. Kabla mwaka haujaisha, Bunge likawa limebadilisha Katiba na kufunga mlango ule. Wananchi hawakupiga kura ya maoni. Kuliita hilo matakwa ya umma dhidi ya wageni ni kutowatendea haki wananchi.

Novemba 2019 serikali ililiondoa tamko lake. Hatua hiyo inazuia mashauri mapya ya watu binafsi. Haifuti hukumu ya 2013.

Ufaransa huipima mikataba mapema. Ibara ya 54 ya Katiba yake inaruhusu mkataba upelekwe Baraza la Katiba kabla ya kuridhiwa, na ukigongana na Katiba, Katiba irekebishwe kwanza. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1992 kwa Mkataba wa Maastricht, ulioanzisha Umoja wa Ulaya. Kwetu, ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kuridhia mikataba, bila kudai kipimo hicho. Ni kweli, upimaji ungechelewesha mikataba, na mingine ingekwama kabisa. Naona afadhali ikwame bungeni kuliko mwananchi ashinde kesi, kisha aambiwe ushindi wake haufanyi kazi nchini mwake.